Jani la Isale Nililompa Babu

Jirani yetu hapa Pasua mjini amenunua masale. Yaani amenunua, kwa muuza maua, yakiwa kwenye chungu cheupe cha plastiki kilichojazwa vijiwe, akayaweka mlangoni kama pambo. Mama alipoyaona alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwetu hayo ni mpaka wa shamba," alisema, "huku yamekuwa urembo." Mimi sikucheka. Mtoto wa jirani alikuwa amevunja jani moja, mtu akalikanyaga pale koridoni, na ile harufu yake mbichi, kama ya tango lililokatwa sasa hivi, ikanirudisha Marangu kabla sijafika kwenye kamba ya nguo. Sare yangu ya shule nikaianika kichwa chini, Mama akanigombeza, nikanyamaza kama kawaida yangu.

Niliishi kwa Babu na Bibi tangu chekechea mpaka namaliza darasa la nne, wakati Mama anatafuta maisha huku mjini. Waliolelewa na bibi zao kule juu wanaijua hali ile: migomba imefunga juu, kahawa chini yake, na mchana mzima unaishi kwenye kijani chenye unyevu kama uko ndani ya chupa. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kilizungukwa na masale marefu kuliko Babu, na ng'ambo ya masale alikaa Mama Aika, jirani ambaye tulimsikia kila siku na kumwona mara chache.

Mbwa wetu aliitwa Watasema. Babu alimchukua akiwa mdogo, macho hayajafunguka vizuri, akawa anamlisha maziwa kwa kitambaa, na watu wakaanza maneno kwamba mzee mzima ananyonyesha mbwa. Babu akasema basi, jina lake ni hilohilo, Watasema. Jioni akimwita kwa sauti, "Watasema!", Mama Aika anajibu kutoka ng'ambo, "Waache waseme, Meku!" Meku kwetu ni mzee. Ulikuwa utani wao wa miaka yote. Mbwa naye alishazoea. Alikuwa hatoki kwenye migomba mpaka asikie sauti zote mbili.

Mchana alifungwa karibu na banda la ng'ombe, jioni anafunguliwa alinde kihamba. Kumfungua ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa mtoto ambaye mgeni akija anamsalimia shikamoo akiwa nyuma ya mlango, na mwalimu akiniuliza swali nililokuwa nalijua, machozi yananitoka. Kwa Watasema sikuhitaji kusema chochote. Nilikuwa nakaa kwenye magunia namtoa kupe, yeye amelala chali miguu juu bila aibu, na ndivyo vidole vyangu vilivyokutana na kile kitu. Kilikuwa chini ya chuchu ya mwisho, upande wa kushoto. Kigumu, kidogo, kama buni iliyokauka imeingia chini ya ngozi. Nilikiminya, akanigeukia akanilamba mkono. Hakikumuuma.

Siku chache baadaye daktari wa mifugo alikuja kumwangalia ng'ombe. Alikuwa mtu wa pikipiki na buti za mpira, ananukia sabuni na spiriti, na watu wote walimwita Dokta tu. Nilimvuta Babu shati, nikauchukua mkono wake nikauweka pale kwenye tumbo la mbwa. Babu akapapasa, uso wake ukabadilika, akamwita Dokta.

Dokta alichuchumaa muda mrefu. Alipapasa chuchu zote, akapapasa na kwapa, akamsikiliza kifua.

"Mzee, huu ni uvimbe," alisema. "Sikudanganyi kwamba najua ni wa aina gani, mpaka utolewe. Lakini angekuwa mbwa wangu, nisingeuacha. Sasa hivi ni mdogo. Nikiutoa pamoja na hicho kichuchu, anaweza kuishi umri wake. Ukiachwa ukakua, unaweza kusambaa mpaka kwenye mapafu, na hapo mimi sina la kufanya."

"Atapasuliwa?" aliuliza Bibi akiwa na ndoo ya maziwa mkononi.

"Atapasuliwa, Mama. Anachomwa sindano, analala, hasikii kitu. Nakuja Jumamosi na vifaa vyote."

Bibi akaweka ndoo chini. "Nyonga yangu inaniuma tangu mtoto wa mwisho, hakuna aliyewahi kusema nipasuliwe. Leo mbwa."

"Wewe umewahi kukamata mwizi wa ndizi?" Babu akamuuliza.

"Nimekukamata wewe."

Dokta akacheka, hata mimi nikacheka kwa ndani. Lakini nilimwona Babu akitazama mkoba wa ngozi wa Dokta, na mimi nikautazama pia. Tulikuwa tunaujua mkoba ule. Msimu mmoja nyuma ng'ombe wetu wa kwanza, yule mwekundu, alikuwa amemeza waya, akavimba. Dokta alifungua mkoba, akamkata ubavuni, akaingiza mkono mpaka begani. Baadaye akanawa, akatikisa kichwa. Alisema nyama isiliwe. Kabla jua halijazama Baba mdogo alikuwa anachimba shimo kule chini karibu na mfereji, na Babu amesimama pembeni kofia mkononi. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyohifadhi mambo: Dokta anafungua mkoba, anakata, ananawa mikono, shimo linachimbwa. Hakuna mtu aliyenieleza kwamba ng'ombe yule alikuwa anakufa kabla mkoba haujafunguliwa. Na mimi sikuuliza.

Jioni ile Babu aliamua. Alisema mbele yetu wote, kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo, "Jumamosi atatibiwa." Bibi aliguna lakini aliongeza mchuzi kwenye chakula cha mbwa, kwa hiyo nikajua amekubali.

Siku ya Jumatano nilitoka shule nikamkuta Baba mdogo anachimba shimo.

Lilikuwa nyuma ya banda, hatua chache kutoka mahali Watasema alipofungwa. Shimo la mraba, kingo zimenyooka, udongo mwekundu umerundikwa upande mmoja. Baba mdogo alikuwa ndani yake mpaka kwenye mapaja. Babu amesimama juu, mikono nyuma.

"Ongeza kina kidogo," Babu alisema. "Jumamosi sitaki tuanze kuhangaika. Liwe tayari."

"Hapa panatosha, Baba. Kwani ni tembo?"

"Ongeza."

Watasema alikuwa amelala kwenye kivuli, kidevu juu ya miguu, anawatazama wakichimba. Nilisimama na begi langu la shule mgongoni. Wanasema atatibiwa, lakini shimo wameshachimba. Nilijua watu wazima ndivyo walivyo. Wakisema "Mama atakuja wiki ijayo" wanamaanisha kitu kingine.

Ningeuliza tu. Sentensi moja: hilo shimo la nini? Baba mdogo angenicheka, angenirushia bonge la udongo, na hadithi yote ingeishia hapo. Ila nilikuwa sijui kuuliza.

Badala yake nilikumbuka isale, jani la yale masale ya mpakani. Baba mdogo aliwahi kung'oa mistari miwili ya kahawa ya Babu bila kumwambia, ili apande nyanya. Babu hakula naye wala kumjibu salamu tangu masika mpaka karibu na Krismasi. Bibi alilia, mchungaji alikuja, wajomba walikuja, Babu hakusikia la mtu. Kisha siku moja Baba mdogo akaja na mzee mmoja wa ukoo, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Hakusema kitu chochote cha maana. Babu alilitazama lile jani, akapumua kwa nguvu, akalipokea. Usiku huohuo walikula sahani moja. Nilimuuliza Bibi ilikuwaje, mara moja kati ya zile chache nilizouliza, akaniambia, "Isale halikataliwi. Ukikataa isale unajitafutia laana."

Kwangu mimi, mtoto asiyeweza kuongea, kulikuwa na jani linaloongea badala yako, na halikataliwi. Sikuelewa kwamba lilikuwa jani la mtu aliyekosa. Nilidhani ni jani la mtu anayetaka.

Ijumaa nilipotoka shule nilichagua jani refu lisilo na tundu la mdudu, nikalifuta vumbi kwa sketi. Babu alikuwa anapogolea kahawa. Nilimwendea nikapiga magoti kwenye majani makavu ya mgomba, nikanyoosha mikono miwili.

Babu akasimama. Aliweka mkasi chini, akafuta viganja kwenye suruali. Hakutabasamu, na ndicho kitu kilichoniogopesha.

"Umekosa nini, mama?" Aliniita mama siku zote.

Nikamsogezea jani karibu zaidi.

"Umevunja kitu? Shuleni?"

Nikatikisa kichwa. Kisha nikasema, nadhani ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizomwambia mwezi ule, "Babu, msimkate Watasema. Msimkate. Naomba asikatwe."

Ndege walikuwa wanapiga kelele sana juu ya mti wa mruka. Babu alitazama jani, akatazama upande wa banda, akanitazama mimi. Niliona anataka kusema kitu. Akainama, akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyolipokea la Baba mdogo.

Jikoni Bibi alikasirika kwelikweli. "Isale ni la kuomba msamaha, si la kuamrisha wazee. Mrudishie, mweleze."

"Limeshapokelewa," alisema Babu.

"Na mbwa?"

"Tutaona."

Jumamosi pikipiki ilipanda mapema. Babu alimpokea Dokta njiani, hakumwacha afike bandani. Mimi nilikuwa nyuma ya masale nasikia kila kitu.

"Dokta, tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini, Mzee? Nimekuja na dawa zote."

"Nyumbani hatujakubaliana."

"Ule uvimbe hausubiri watu wakubaliane." Nikamsikia akifunga mkoba wake kwenye pikipiki. "Sawa. Mbwa ni wako. Niko kwa Mzee wa pale chini, ana ng'ombe anazaa. Ukibadili mawazo kabla ya saa nane, piga simu tu au tuma mtu."

Nilikimbia nikamkumbatia Watasema shingoni. Nilikuwa nimeshinda. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata matokeo ya kidato cha pili yalipotoka.

Saa nne Baba mdogo alikuja amebeba mche wa mgomba begani.

Ulikuwa mche wa ndizi za kupikia supu ya mtori, mnene, alioahidiwa Babu na rafiki yake wa kule juu, na siku ya kuuchukua ilikuwa Jumamosi ile. Waliweka samadi kwenye shimo, wakachanganya na udongo wa juu, Baba mdogo akaushusha mche katikati. "Njoo ushike hapa unyooke," aliniita. "Wewe si una mikono ya isale?" Alishasikia. Nikashika. Udongo ukawa unaingia koleo kwa koleo, na mimi nimeukumbatia ule mche wenye ubaridi, naelewa. Shimo lilikuwa la mgomba. Kila mgomba kwenye kihamba kile ulikuwa umeingia kwenye shimo kama lile, tangu chekechea nayaona mashimo hayo. Watasema alikuja akanusa samadi akapiga chafya.

Ilikuwa saa nne. Dokta alikuwa pale chini mpaka saa nane.

Mpaka leo, kila ninapojilaza nikafikiri, si jani linalonikera zaidi. Jani lilikuwa ujinga wa mtoto. Kinachonikera ni yale masaa manne mazima kabla ya saa nane. Nilikuwa nimeshajua. Nilikula mchana nikiwa nimeshajua, nikaosha vyombo nikiwa nimeshajua. Nilitunga maneno kichwani: Babu, nilidhani lile shimo ni la Watasema. Halafu nikawaza Baba mdogo atakavyocheka, atakavyolihadithia kanisani baada ya ibada, na watoto wa Mama Aika watakavyonipokea shuleni. Nikawaza pia kwamba isale limeshapokelewa, sasa nalirudishaje? Nilikuwa nasugua sufuria nilipoisikia pikipiki ikiwaka. Ikapita barabarani, ikakata kona ya kanisani, ikashuka kuelekea mjini. Niliendelea kusugua hilo sufuria hata baada ya kung'aa.

Babu alimpigia Dokta simu baadaye, lakini zikaingia mvua, barabara ikaharibika, halafu ikawa msimu wa kuchuma kahawa, halafu uvimbe ulikuwa kama umesimama na sisi tukapenda kuamini umesimama. Haukuwa umesimama. Buni ikawa yai la kuku. Yai likawa parachichi, linaburuza kwenye majani akitembea, likapasuka likawa na harufu ambayo Bibi aliiosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi, huyuhuyu Bibi wa nyonga. Watasema akaanza kukohoa. Dokta alipokuja kwa ajili ya ndama alimsikiliza kifua, akavua kile chombo chake masikioni taratibu.

"Sasa hivi nikimkata nitakuwa namtesa bure, Mzee," alisema. "Nitawaachia dawa ya maumivu. Siku mkiona inatosha, niiteni mimi."

Hakumlaumu mtu. Heri angelaumu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua zuri, na ule mgomba nilioushika ulikuwa umeanza kutoa mkungu. Watasema hakuweza kusimama tangu juzi yake. Mimi nilichuma jani la isale nikampelekea pale kwenye magunia. Sijui nilitegemea nini. Kila nilichowahi kumpelekea kilikuwa chakula, kwa hiyo alijitahidi. Alinyanyua kichwa, akalipokea kwa meno ya mbele, polepole, kama anavyopokea mfupa kutoka kwa mtoto. Akalishika hivyo tu, hakulitafuna. Kisha nikasikia pikipiki, nikakimbilia jikoni nikawa napuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Walimchoma sindano ya mwisho bila mimi. Babu alikaa chini na kichwa cha mbwa kwenye paja lake.

Baba mdogo alichimba shimo. Hili lilikuwa la Watasema.

Walipomaliza walikaa nje ya jiko, na kupitia mbao nilimsikia Babu akimwambia Bibi, "Mtu mzima nilimsikiliza mtoto kwenye jambo la ugonjwa. Kosa ni langu." Nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, moshi machoni, na maneno yote mdomoni. Nikanyamaza mara ya pili. Ndizi za ule mgomba zilipokomaa tulizipikia mtori. Nilikula.

Likizo iliyopita nilipanda Marangu peke yangu. Babu amezeeka, anatembea na fimbo, na tangu masikio yake yapungue sauti yake imekuwa kubwa kama anaongea na watu wa mlima mwingine. Nilimkuta amekaa kwenye kibao anamenya maharage. Nilimsalimia, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachuma jani. Nikarudi nikapiga magoti, msichana mkubwa wa kidato cha tatu, na kunyoosha mikono miwili.

Aliweka bakuli chini. Akafuta viganja kwenye suruali.

"Umekosa nini, mama?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nilimwambia shimo. Nilimwambia saa nne mpaka saa nane, sufuria, pikipiki. Ilibidi niseme kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa adhabu yenye haki. Jambo nililolificha miaka yote nilikuwa nalipiga kelele kihamba kizima kisikie.

Babu alilipokea lile jani, akaliweka magotini.

"Shimo la mgomba," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Nilijua jani lile halikuwa la kazi ile. Bibi yako aliniambia, na nilijua kabla hajaniambia." Alilikunja jani mara moja, akalikunjua. "Nilikuwa naogopa ule mkoba. Tangu ng'ombe. Ulivyoniletea, nikapata pa kujificha."

Alilitia jani kwenye mfuko wa shati, likachomoza juu karibu na kidevu chake. Tukatazama upande wa banda, ambako ule mgomba wa kwanza ulishakatwa zamani na sasa imesimama migomba mingine, wajukuu zake. Babu akasema, hakuwa anaita, alikuwa anasema tu kama mtu anayekumbuka jina, lakini kwa ile sauti yake ya siku hizi:

"Watasema."

"Waache waseme, Meku!" akajibu Mama Aika kutoka ng'ambo ya masale.

Sauti zote mbili. Wote wawili tukageuka kutazama kwenye migomba.